Maji ya Miguu ya Bibi

Kosa langu la mwanzo, lile lililozaa mengine yote, ni kuamini kwamba mtu asiyelalamika hana maumivu. Nilikuwa na miaka kumi. Naliandika hapa juu kabisa kwa sababu najijua. Nikiliweka chini nitalizunguka, nitalipamba, nitafuta na kuandika upya mpaka lionekane dogo.

Wiki iliyopita nilikuwa namsaidia mama kuhama. Anaiacha fleti ya ghorofa ya tatu, Walthamstow, London, tuliyokaa tangu sijaanza shule, anakwenda kwenye ya chini, mitaa miwili tu kutoka pale, maana magoti yake yamezikataa ngazi. Ndani ya kabati la boila, nyuma ya ndoo, nikaliona kopo la buluu. Ni kopo la plastiki lenye mpini, la kuchotea maji, na ndani lina ukoko mweupe wa chokaa, ule ambao maji ya London huuacha kwenye kila kitu. Nikalinusa. Lilinuka vumbi tu. Lakini nikakaa chini kwenye korido, kopo mapajani, mpaka mama akauliza kutoka jikoni kama nimelala.

Kopo lile lilikuwa la kumtilishia bibi udhu.

Bibi alikuja kutoka Unguja baada ya babu kufariki. Watoto wake walikuwa wametawanyika tangu baada ya Mapinduzi, mmoja Maskati, mmoja Dubai, na mama huku kwenye baridi. Kwa nini alichagua baridi sijui. Nadhani ni kwa sababu mama ndiye aliyekuwa peke yake. Alikuwa mtu wa kutembea, bibi. Alinihadithia kwamba Darajani alikwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, kikapu mkononi, na kwamba chakula cha siku nyingi kilikuwa muhogo na samaki, na wali ni wa wageni. Huku akawa mtu wa kochi. Ngazi zilikuwa nyingi, nje kulikuwa na mvua, na lugha hakuijua. Alikaa dirishani akihesabu mabasi mekundu, akala mkate mweupe laini ambao hata kuutafuna hakukuwa na haja, na akanywa chai ya maziwa ya kopo, vikombe vitano kwa siku, sita akiwa na huzuni.

Alitoka Jumamosi tu, kwenda dukani kwa Bwana Jayanti, Mhindi mzaliwa wa Mwanza, mwisho wa ile barabara ndefu ya soko. Mimi nilimshika mkono. Daktari alikuwa ameshamwambia kuwa ana kisukari na presha, na Bwana Jayanti alilijua hilo kama alivyojua habari za kila mtu.

"Shikamoo, mama. Leo nimepata sukari guru, safi kabisa."

"Marahaba. Nshakatazwa sukari, Bwana Jayanti."

"Hii si sukari, mama, hii guru. Mimi mwenyewe nina kisukari, na nakula."

"Ndiyo maana umevimba miguu."

"Miguu imevimba kwa kusimama dukani. Nikupe nusu?"

"Basi nipe nusu. Tutazikwa pamoja, wewe na duka lako."

Walicheka, na mimi nilicheka kwa sababu wao walicheka. Nilikuwa nikiwaelewa kila neno, ila mimi nilijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa huku, na kwa bibi peke yake kwa Kiswahili cha kuokoteza. Kiswahili hiki ninachoandika nimejifundisha mwenyewe ukubwani, kwa kamusi na kwa kukumbuka sauti ya bibi, na kila sentensi naisoma mara tatu nikihofia kwamba angeicheka.

Mama alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Aliondoka asubuhi tukiwa mezani na kurudi jioni akinuka sabuni ya hospitali. Kutwa aliwaosha wazee wa watu, akawakata kucha, akawabadilisha nguo. Wa kwake aliniachia mimi, kuanzia ninaporudi shule. Wakati wa baridi siku za London ni fupi mno. Nikifika nyumbani nilikuta alasiri inakaribia kukimbia na magharibi iko mlangoni, na bibi ameshakaa kwenye kistuli cha plastiki bafuni, ananingojea. Mikono na uso aliosha mwenyewe kwenye sinki. Miguu hakuweza kuifikia, kiuno kilikuwa kimemkaza. Miguu ilikuwa kazi yangu.

Bomba zetu zilikuwa mbili mbalimbali, moja inatoa maji ya kuchoma na nyingine maji ya barafu, na kati yao hakuna urafiki. Ilibidi nichanganye kwenye kopo. Mama alinifundisha mwenyewe, siku ya kwanza, akinishika kifundo cha mkono. "Tia mkono wako kwanza. Wako, siyo wake. Wewe ukikubali, ndipo umwagie." Nikatia mkono kila siku. Kisha namwagia bibi mguu wa kulia, nausugua kwa kiganja mpaka kwenye vifundo, naingiza kidole katikati ya vidole vyake, mara tatu. Halafu wa kushoto. Kwa kuwa nilikuwa mtoto wa wahka, mara tatu ziligeuka tano, kwa hofu kwamba nimeruka mahali na sala yake haitapokelewa.

"Basi we mtoto," alisema bibi. "Mungu si mkaguzi wa shule."

Kumtazama miguu, hata hivyo, sikumtazama. Hili ndilo jambo ambalo watu hawalielewi nikilisema. Miguu iliyooshwa kila siku ya Mungu, na hakuna aliyeiona. Bibi alikuwa na haya, alivuta gauni mpaka chini na taa ya bafuni hakuipenda, na mimi nilifundishwa kuinamisha macho. Niliijua kwa kiganja tu. Tukimaliza alivaa soksi zake nene za kahawia, na soksi zile hazikutoka tena mpaka kesho yake; kwa sala nyingine alipangusa maji juu yake.

Mwaka ule miguu ilimwunguza. Ndivyo alivyosema, inawaka, kana kwamba kakanyaga makaa, na alikuwa akiiweka kwenye vigae vya bafuni ipoe. Nikaanzisha daftari. Nilichora mistari kwa rula, safu ya vidonge, safu ya kipimo cha sukari, safu ya maumivu ya miguu. Nikikosea herufi moja nilichana ukurasa mzima na kuunakili upya. Mama aliliona akaniita daktari wake. Hakuna jina nililowahi kulipenda zaidi.

Ndipo shuleni tukapewa kazi ya kuandika kitabu kidogo, kila mmoja kuhusu watu wa mahali pamoja duniani. Mimi nilipata Wainuit, wanaoishi kaskazini ya mbali kabisa, kwenye barafu. Nikaazima kitabu maktaba, kikubwa, chenye picha, na nikakipenda mpaka nikawa nalala nacho. Kiliwaeleza wazee wao wa zamani, wanaowinda nyangumi na sili, mnyama mnono wa bahari ya baridi, wanaokula nyama na mafuta na samaki mbichi, wanaotembea juu ya bahari iliyoganda, na maradhi ya moyo na kisukari hawayajui sana. Nilimsomea bibi, Kiingereza changu kikigeuka Kiswahili kibovu njiani.

"Hawana mchele?"

Hawana.

"Na chai?"

Hapo zamani hawakuwa na chai.

"Maskini wa Mungu," akasema, na akanywa yake. Kisha akakiweka kikombe chini. "Maji yote yameganda. Sasa akitaka kusali anatia udhu na nini? Akisema atayamamu, mchanga hana."

Nikamwambia si Waislamu, bibi.

"Akisilimu kesho je? Muulize mwalimu wako."

Sikumuuliza mwalimu, ila nililiwaza sana. Na katika kuwaza nikajenga fikra yangu, na fikra ile niliiamini kuliko sala. Niliona kwamba kinachowalinda watu wale ni baridi. Baridi inaukaza mwili, inaufanya usiumwe na vitu vidogo. Kitabu hakikusema hivyo. Sura ya mwisho sikuisoma hata. Picha zake zilikuwa za nyumba za mbao na duka lenye makopo, na mwanamke mzee aliyekaa kwenye kiti, na niliziona mbaya, zitaharibu kitabu changu ambacho nilitaka kiwe theluji tupu kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Wiki hizo hizo, moto wa miguu ya bibi ukaondoka. Ulipungua, halafu siku moja haukuwepo. Akasema alhamdulillahi. Mimi nikajua sababu: bibi amekaa kwenye baridi ya kutosha, mwili umekaza, amekuwa kama Wainuit wangu. Siku moja nilimkuta amesimama miguu mitupu kwenye vigae vya bafuni, nje barafu imeganda kwenye kioo, naye anapekua kabati bila haraka. Nikamuuliza kama hasikii baridi.

"Sisikii kitu," akasema. "Nshazoea Ulaya."

Kwenye safu ya maumivu niliandika sifuri, tena sifuri, tena sifuri, na zilipendeza kwa jinsi zilivyolingana.

Tukaenda kliniki. Kwa kawaida mama huomba ruhusa kazini, lakini siku hiyo alinyimwa, kwa hiyo nilikwenda mimi kuwa mdomo wa bibi. Muuguzi alikuwa mwanamume kijana, mpole. Alishika kijiti chenye uzi mgumu kwenye ncha, akaomba bibi avue soksi ili amguse nyayo na kuona kama anahisi.

"Mwambie sivui soksi mbele ya mwanamme," akasema bibi. "Mwambie miguu mizima."

Nilitazama saa, nikatazama watu waliojaa nje wakingoja, nikaona aibu kwamba sisi ndio tunaoleta tabu. Nikamwambia hana maumivu kabisa, wiki tatu sasa. Nikamfungulia daftari. Akalisifu. Akasema angependa wagonjwa wake wote wawe na mjukuu kama mimi, na kwamba safari ijayo watatafuta muuguzi mwanamke. Nilitembea mpaka nyumbani kama niliyevishwa nishani.

Sasa nimefika, na ningependa kusimama hapa.

Ilikuwa siku moja kabla ya kupeleka kitabu changu kwa mwalimu. Nilikuwa nikichora ukurasa wa mwisho, mwindaji juu ya barafu, kwa wino. Mara mbili nilikuwa nimeshauharibu kwa mikono yenye maji. Bibi akaniita bafuni. Sikutaka kulowana mara ya tatu, basi nikachukua glavu za mama za jikoni, zile nene za manjano za kuoshea vyombo, nikazivaa mpaka kwenye viwiko.

Bibi alipozitazama alicheka. "Leo umekuja na miguu ya bata."

Mchana ule fundi alikuwa amekuja kutengeneza boila, na maji ya moto yalitoka kwa nguvu ambayo sikuwahi kuiona. Niliona mvuke. Lakini bafuni kulikuwa na baridi mpaka pumzi zetu nazo zilikuwa mvuke. Nikachanganya kwa haraka. Nikatia mkono, kama nilivyofundishwa, na kupitia glavu nikasikia vuguvugu. Nikamwagia mguu wa kulia. Nikasugua, mara tatu, nikaenda wa kushoto, nikimtazama bibi usoni, maana hata kwa haraka ile nilitaka kuwa na uhakika. Alikuwa akinong'ona dua yake, macho yamefumba, uso umetulia. Hakushtuka wala kuurudisha mguu. Nikamaliza, nikamshika mkono mpaka kwenye mswala, nikarudi kwa mwindaji wangu. Ukurasa ulitoka safi.

Siku iliyofuata bibi alisema amechoka, atasali na udhu wa haraka, apanguse juu ya soksi. Iliyofuata hivyo hivyo. Nilifurahi, nilikuwa na usingizi.

Siku ya tatu mama aliingia na koti lake na kusimama katikati ya sebule bila kulivua. Alikuwa ameisikia harufu. Mimi sikuwa nimeisikia, au niliisikia nikaiita harufu ya soksi mbichi, lakini yeye aliijua kutoka kazini. Akapiga magoti mbele ya bibi, akawasha taa ya mezani, akaanza kuvuta soksi ya kulia, nayo haikutaka kutoka. Ilikuwa imegandana na ngozi. Akaenda kuleta maji, akailoweza, akaivuta kidogo kidogo, huku bibi akitazama chini kana kwamba ni mguu wa mtu mwingine aliyekaa naye kwenye basi.

Sitaeleza nilichokiona. Malengelenge yalikuwa yamepasuka, na kati ya vidole kulikuwa na kitu cheusi ambacho mama alisema ni cha zamani zaidi ya kuungua, kidonda ambacho kimekaa wiki nyingi. Mahali ambapo kidole changu kilipita kila siku.

"Nani kamwagia maji haya?" mama akauliza. Hakupaza sauti.

Nilifungua mdomo. Bibi alinitangulia.

"Mimi mwenyewe. Nilifungua bomba, mtoto alikuwa anasoma."

"Mama, hukusikia yanaunguza?"

"Sikusikia, mwanangu."

Nikaufunga mdomo.

Hospitali tulingoja sana, na kwenye mkoba wangu wa shule kilikuwamo kile kitabu cha maktaba. Sikuwa na pa kuyaweka macho. Nikafungua sura ya mwisho. Ilisema kwamba watu wale walihamishwa au walihamia kwenye vijiji vyenye maduka, wakakaa kwenye nyumba za kubanana, wakapunguza kuwinda na kutembea, wakanunua unga mweupe na sukari na soda na sigara, na watoto wao wakaona nyama ya sili ni ya kizamani. Yakaja kisukari, presha na moyo. Hakikuwalaumu. Kilisema maisha yalibadilika haraka kuliko miili. Na yule mwanamke mzee kwenye picha niliyoiona mbaya alikuwa ameketi kiatu kimoja kimevuliwa, na muuguzi amepiga magoti ameushika mguu wake kwa mikono miwili, anautazama.

Nilifunga kitabu. Muuguzi Mkenya, mama wa makamo aliyekuja kumfunga bibi bandeji, alimsikia bibi akisema na mama, akatusemesha Kiswahili. Nilimuuliza, kwa Kiingereza, kwa nini moto wa miguu ulikwisha kama hakuwa amepona.

"Sukari ikizidi kwa damu miaka mingi, inaharibu mishipa ya fahamu," akasema. "Huo moto alikuwa anasikia, ilikuwa ni mishipa inaumia. Ukiisha, wakati mwingine ni kwa sababu imekufa. Hapo sasa ndio unafaa kuogopa." Akanishika bega. "Lakini wewe ni mtoto. Hukuwa unajua."

Alisema kwa wema. Sikuweza kumwambia kwamba nilijua kuandika sifuri.

Vidole viwili vilikatwa kwanza. Kabla baridi haijaisha, ukakatwa mguu wa kulia, chini ya goti; wa kushoto ulipona. Siku moja wodini, mama ameshuka kutafuta chai, bibi alinivuta karibu.

"Lile jambo usimwambie mama yako."

Nikaanza kulia.

"Nisikilize. Kutwa anaosha wazee wa watu. Akijua wa kwake kaunguzwa na mtoto kwa kuwa yeye hayupo, hatalala tena maisha yake. Mimi siumwi. Unaona? Hata ungenikata wewe nisingesikia." Akacheka, peke yake.

Aliishi miaka miwili mingine. Alisali akiwa kwenye kiti, na niliendelea kumtilisha udhu, mguu mmoja, mara tatu, na kopo lile lile. "Mungu kakupunguzia kazi," aliniambia siku ya kwanza alipotoka hospitali, na nikamwagia maji ambayo nilikuwa nimeyapima mara saba. Chai aliacha kutia maziwa ya kopo, si kwa agizo la daktari, bali alisema haina ladha tena. Bwana Jayanti alipanda ghorofa zote tatu kuja kumwona, akihema, na safari hii hakuleta guru. Alileta machungwa. Alikaa na machungwa yake mapajani na hakuwa na mzaha wowote. Moyo ndio uliomchukua bibi, siku ya mvua, yuko dirishani kwake.

Yote haya nilimwambia mama wiki iliyopita, pale kwenye korido, kopo mkononi. Nilikuwa nimeyapanga miaka mingi, kwa maneno mazuri. Yalitoka ovyo. Mama alikuwa akifunga vikombe kwenye gazeti, na hakuacha kufunga.

"Nilijua," akasema.

Sikumwelewa.

"Glavu zangu zilikuwa zimetundikwa bafuni, ndani nje. Nani mwingine angezivaa?"

"Mbona hukusema?"

"Bibi yako alisema ni yeye. Ningemwita muongo, na mguu ule?" Akaweka kikombe ndani ya boksi. "Na kopo nilikupa mimi. Ulikuwa na miaka kumi, nikakupa kopo nikaenda kazini." Kisha akasema nisikae sakafuni, kuna vumbi, na nimpe ule utepe wa gundi wa kufungia maboksi.

Kopo sikulitupa. Limo kwenye fleti mpya, chini ya sinki. Mama naye ana kisukari sasa, mwaka wa nne. Kila jioni nikitoka kazini napitia kwake, nawasha taa, anavua soksi, nazitazama nyayo zake juu na chini na katikati ya vidole, kwa macho yangu na kwa mikono mitupu. Anasema nachukua muda mrefu mno. Nikimuuliza kama anaumwa akasema hapana, bado natazama.